Mkwe Kwenye Dashibodi

Jumapili, 3 Juni

Upepo umefika. Umebeba nailoni niliyofunikia sponji nje ya karakana yangu ukaenda kuivisha antena ya jirani. Kuanzia sasa mpaka mvua zinyeshe utavuma hivi hivi kutoka mashariki, asubuhi kwa adabu, mchana kwa fujo.

Naandika kwa sababu mume wangu anadai mimi husahau tarehe. Yeye husahau kila kitu kingine, lakini tarehe anazo. Ni fundi friji, na kule kwenye uwanja wa ndege ndogo wote wanamwita Barafu, hata mimi nimezoea. Mimi nashona makochi. Kwa miaka tisa tumeijenga ndege ya watu wawili kwenye banda la nyuma ya nyumba: mbao, waya na injini ni vyake, vitambaa vya mabawa na viti ni vyangu. Mwezi uliopita iliruka. Tukapiga kelele kama vichaa, halafu tukarudi nyumbani kuosha vyombo.

Mkaguzi wa ndege ametoa sharti: Barafu aruke peke yake mpaka atimize saa alizopangiwa, ndipo aruhusiwe kupakia mtu. Abiria wa kwanza atakuwa Kitinda, binti yetu wa mwisho. Alikuwa akitushikia taa bandani tangu akiwa kidato cha kwanza, na baba yake alimwahidi. Mimi ni wa pili. Nimekubali bila kununa sana.

Jumatatu, 4 Juni

Viti sita vya saluni. Hakuna jingine.

Alhamisi, 7 Juni

Daktari wa Meno, ambaye ndege yake inalala banda moja na yetu pale uwanjani, amenunua GPS mpya na ile ya zamani ametupa sisi. Ni kidude cha kukaa kiganjani, kina kioo na ramani ndani yake. Unakibana kwenye dashibodi, kinaongea na setilaiti, halafu kinakuambia uko wapi, unaelekea wapi na unakwenda spidi gani.

Barafu alikaa nacho mezani mpaka chai ikapoa. Kila nilichosema alinijibu, "Ngoja tumuulize." Nikamwambia basi ameleta mkwe ndani ya nyumba, maana ndiye mtu pekee ambaye akisema jambo huwezi kumbishia. Jina limeshika. Kidude sasa kinaitwa Mkwe.

Jumapili, 10 Juni

Barafu aliruka na Mkwe hadi machimbo ya mawe upande wa magharibi na kurudi. Alishuka uso umemkunjamana.

"Geji yangu ya spidi ni mwongo," akasema. "Inaniambia mia na kumi. Mkwe anasema mia na thelathini. Kilomita ishirini nzima zinapotea!"

Geji hiyo aliing'oa kwenye ndege mbovu iliyokuwa imelala nyuma ya karakana ya rafiki yake. Inapokea hewa kwa mrija mdogo ulio chini ya bawa. Hewa ikisukuma, mshale unapanda. Nikamuuliza na wakati wa kurudi Mkwe alisemaje.

"Nikirudi nina kazi ya kutua. Sina muda wa kupiga soga na Mkwe."

Haya.

Jumamosi, 16 Juni

Ameruka siku tatu kwenda machimboni, na kila siku tofauti ni ile ile, ishirini. Kwa Barafu hiyo ni hukumu. Amefungua kioo cha geji, akaung'oa mshale kwa vidole vyake vinene, akaurudisha ukiwa umesogea mbele. Mimi nilishika taa. Kazi safi, lazima niseme. Anasema sasa geji na Mkwe wataongea lugha moja.

Jumatatu, 18 Juni

Nilikwenda kurekebisha mkanda wa kiti. Milango ya banda imefungwa, ndege imesimama imetiwa vigingi, na geji inasema tunakwenda kilomita ishirini kwa saa. Nilicheka peke yangu. Barafu anasema huko chini kila geji ina kilema chake, la maana ni huko juu inakofanyia kazi.

Jumapili, 24 Juni

Kutua kubaya. Ndege ilikuja vizuri tu, imetulia, halafu ikiwa juu kidogo ya nyasi ikadondoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Ikaruka, ikadunda tena. Nilisikia mbao zikilia nikiwa mbali.

Barafu alishuka anatabasamu tabasamu la mtu aliyejing'ata ulimi. "Upepo," akasema. "Umenikata miguu."

Daktari wa Meno akamuunga mkono. "Msimu huu ni mbaya, shemeji. Mimi mwenyewe nimeacha kuruka mchana." Nikaamini. Upepo kweli ulikuwepo, ulikuwa umejaza mchanga hadi kwenye meno yangu.

Jumanne, 26 Juni

Barafu ameweka barafu mgongoni. Nimemtania siku nzima, hakuona kichekesho.

Jumapili, 8 Julai

Imedondoka tena. Leo haikusamehe.

Ilikuwa asubuhi. Upepo ulikuwa wa adabu, nguo kwenye kamba ya mlinzi wa uwanja zilikuwa zinatikisika tu. Barafu alikuja kama kawaida yake, pua imeinuka kidogo, injini imetulia. Kabla ya kugusa chini bawa la kushoto likalegea, likaanguka, na ndege nzima ikalifuata. Gurudumu la kushoto likakunjika chini ya tumbo. Ndege ikazunguka, ikasimama imeinama upande mmoja, vumbi limeifunika.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nilipokuwa msichana, na kandambili moja sijaiona mpaka sasa. Nilimkuta amekaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama ameumia, akajibu, "Nilikuwa na mia. Geji ilisema mia kamili. Kwa mia haianguki."

Hiyo hata mimi naijua. Tulipima tukahakikisha: ndege yetu inashikiliwa na hewa mpaka kwenye sabini na tano. Chini ya hapo mabawa yanakataa kazi. Kwa mia alikuwa na akiba ya kutosha.

"Basi ni nini?" nikamuuliza.

"Upepo, mama. Nini kingine?"

Nikaangalia nguo za mlinzi. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumatano, 11 Julai

Tumeirudisha ndege kwa lori kwenye banda la nyumbani, tunaunganisha mguu wa gurudumu. Gundi inataka kukauka taratibu.

Ijumaa, 20 Julai

Kitinda amefika kwa likizo. Amenenepa kidogo, anacheka kwa sauti ya ofisini. Kabla hajavua viatu akaingia bandani kuitazama ndege, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha bawa na kusema, "Mama, mshono wako huu hata hauonekani." Nilifurahi kupita kiasi, nikajifanya natafuta sindano.

Baba yake amempangia Jumapili ya tarehe tano. Gundi itakuwa imekauka, na saa chache zilizobaki za mkaguzi atakuwa amezimaliza. Nilimuuliza faraghani kama ana uhakika, baada ya yale mambo mawili. Akanijibu kwamba tatizo amelitambua: ni upepo, basi wataruka asubuhi na mapema.

Ile ya pili ilitokea asubuhi. Nilimkumbusha. Akasema mimi napenda kubishana.

Jumapili, 29 Julai

Saa za mkaguzi zimetimia. Leo alitua bila kudondoka, ila kwa kishindo. Kitinda alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Ijumaa, 3 Agosti

Lazima niandike hili kwa mpangilio, maana tangu mchana kichwa kinanizunguka.

Barafu aliniomba nimshonee Mkwe mfuko, ili kioo kisichubuke. Nikamchukua karakanani kupima. Mchana nilikuwa na mito ya kupeleka kwa mteja ng'ambo ya soko, nikamtia Mkwe kwenye kikapu cha baiskeli, mito nyuma, nikaondoka. Barabara ile inanyooka kuelekea magharibi, tambarare, na upepo ulikuwa mgongoni. Nilipiga pedali kidogo tu. Nikamtazama Mkwe: ishirini na mbili. Nikajisifu.

Halafu nikaona kitambaa changu cha jasho nilichokifunga kwenye usukani. Kimening'inia, hakitikisiki. Usoni sikuhisi hewa hata chembe, jasho linanitiririka kama niko jikoni. Ningefumba macho ningeapa nimesimama.

Nilishusha mito, nikageuza. Kurudi nilikuwa nainama, nasukuma pedali kwa uzito wote Mungu alionipa. Mkwe akasema kumi. Na kile kitambaa kilikuwa kinapigapiga, kinanichapa vidole, machozi yananitoka kwa upepo.

Nikashuka baiskeli nikasimama katikati ya barabara. Mwenye bodaboda akanipigia honi na kuniuliza kama nimerogwa.

Mkwe anapima barabara. Ile geji inapima hewa inayoipiga ndege usoni. Ni vitu viwili. Ndege haishikiliwi na barabara, inashikiliwa na hewa. Kila mara Barafu alipolinganisha alikuwa anakwenda machimboni, magharibi, upepo uko mgongoni unamsukuma. Mkwe aliuhesabu ule msukumo, geji haikuuhesabu, na geji ndiyo iliyokuwa sahihi. Haikuwa mwongo hata siku moja! Sisi ndio tuliougeuza mshale wake useme uongo, na mimi nilishika taa. Sasa ikimwambia mia, hewa anayo ya themanini. Anatua akiwa ukingoni kabisa, halafu akianguka anaulaumu upepo.

Na keshokutwa anampakia mtoto wangu.

Nilimwambia wakati wa chakula, Kitinda akiwa dukani. Nilieleza vibaya, nilianza na kitambaa cha jasho. Alisikiliza anatafuna.

"Mama Kitinda," akasema, "kuna setilaiti ngapi huko juu? Zote zimekosea, ila wewe na baiskeli yako ndio mmepatia?"

"Hazijakosea. Zinapima kitu kingine."

"Spidi ni spidi."

"Geji inasoma ishirini ndege ikiwa imefungiwa bandani! Inakwenda wapi?"

"Hilo nilishakueleza."

"Hukunieleza, ulinijibu."

Akasukuma sahani. Akasema miaka tisa ameijenga ndege hii, anaijua kila skrubu, na hatafundishwa kuruka na mtu ambaye hajawahi kupanda. Hapo akanichoma. Nikamwambia basi nipandishe. Kabla ya mtoto. Nitakaa na Mkwe magotini, nitasoma namba kwenda na kurudi, na nikikosea nitaomba radhi mbele ya uwanja mzima.

"Nilimwahidi Kitinda awe wa kwanza."

"Na mimi nakuahidi kwamba nisipotangulia mimi, hapandi. Nitalala mbele ya gurudumu."

Anajua mimi huwa nalala kweli.

Jumamosi, 4 Agosti

Kitinda anauliza tuna nini. Baba yake amemwambia mama ameona wivu, anataka awe wa kwanza. Nimemwacha aamini hivyo.

Jumapili, 5 Agosti

Tuliruka asubuhi, upepo ukiwa umeshaanza. Kitinda alisimama kando ya banda na Daktari wa Meno, amekunja mikono, amenuna. Nilikuwa naogopa, nikaukaza ule mkanda niliouzungushia uzi mara mbili kwa mkono wangu. Nilijiambia: nikifa leo nitakufa nikiwa na haki, na haki hiyo haitanisaidia kitu.

Siwezi kusema sikuona uzuri. Niliuona. Paa la karakana yangu ni dogo kuliko sahani. Lakini sikuwa na nafasi ya uzuri.

Tulipogeukia magharibi Barafu akatuliza injini. Geji: mia na thelathini. Mkwe, magotini kwangu: mia na thelathini.

"Umeona?" Barafu akapaza sauti. "Pacha!"

"Geuka."

"Tufike machimboni kwanza."

"Baba Kitinda, geuka. Usiguse injini."

Akageuka. Sasa tulikuwa tunaukabili upepo. Geji haikusogea: mia na thelathini. Mkwe akaanza kushuka. Mia na ishirini. Mia na tano. Akatulia kwenye tisini.

Nilimsomea. Nikamwinulia Mkwe karibu na uso, akatazama, akampiga kidole.

"Betri," akasema.

"Imejaa," nikamjibu.

"Geuka tena," nikamwambia. Akageuka. Mia na thelathini kwa wote wawili. "Rudi." Akarudi. Geji mia na thelathini, Mkwe tisini. Injini ina mlio ule ule. Mara ya tatu sikumwambia, aligeuka mwenyewe. Na mara ya nne. Alikuwa ameacha kunitazama.

"Kwenda upepo unatusukuma, kurudi unatuzuia," nikasema. "Katikati ya mia na thelathini na tisini ni mia na kumi. Hiyo ndiyo hewa yetu. Geji ilikuambia hivyo tangu siku ya kwanza."

Akagusa kioo cha geji kwa kidole.

"Themanini," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, injini nusura iimeze. "Nimekuwa natua na themanini."

"Ndiyo."

"Na leo ningekuwa na yeye hapo."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho mwenyewe.

Lakini kuwa na haki angani hakukushushi chini. Bado tulikuwa na geji yenye uongo na uwanja mmoja wa nyasi. Barafu alipangusa mikono kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine. Akaniambia atashika mia na ishirini na tano mpaka magurudumu yaguse, na mimi nimsomee geji kwa sauti ili macho yake yabaki nje. Nikasoma, mia nikiiacha. Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini. "Ishirini, baba!" Akasukuma pua chini. Ishirini na tano. Nyasi zilikuja mbio kuliko nilivyowahi kuziona zikija. Banda likapita, Kitinda akapita, nguo za mlinzi zikapita. Tuligusa mbali sana, tukadunda mara moja, tukala uwanja wote, tukasimama ua wa seng'enge ukiwa mbele yetu karibu ya kuugusa kwa fagio.

Akazima injini. "Mke wangu," akasema. Hilo tu. Mimi nikaanza kucheka, na kicheko hakikutaka kukata.

Kitinda na Daktari walifika wanakimbia. Daktari akaanza, "Huu upepo jamani," na Barafu akamkatiza.

"Upepo haukunifanyia kitu. Msimu mzima nimeusingizia. Niliusogeza mshale wa geji mimi mwenyewe kwa sababu sikutaka kumbishia kidude." Akamgeukia binti yake. "Ningekupandisha hivyo hivyo. Mama yako ndiye aliyekataa."

Kitinda aliangalia geji. Ndege imesimama, mshale uko kwenye ishirini. Akaangalia lile gurudumu lililounganishwa. Sijawahi kumwona akimtazama baba yake namna ile, na Barafu aliuvumilia mtazamo huo bila kuinamisha macho. Nilimpenda kwa hilo, naandika wazi.

Jumatatu, 6 Agosti

Mshale umerudi ulipokuwa. Safari hii koleo nilishika mimi, taa alishika yeye.

Jumatano, 8 Agosti

Anaruka peke yake kila asubuhi, kwenda na kurudi, anaandika namba za pande zote. Daktari wa Meno naye ameanza kufanya hivyo kimyakimya, akidhani hatumwoni. Kitinda haji uwanjani. Anasaidia karakanani, anang'oa misumari kwenye makochi ya zamani kwa nguvu isiyohitajika.

Ijumaa, 10 Agosti

Barafu hajamwomba. Nilitarajia angebembeleza, ni kawaida yake. Ameniambia, "Ahadi niliitoa mimi. Kuikataa ni haki yake."

Jumapili, 12 Agosti

Kesho Kitinda anaondoka. Leo alfajiri nilimkuta jikoni amevaa viatu vya kufunga kamba.

"Mama," akasema, "ungekuwa wewe, ungepanda?"

"Mimi nilipanda ikiwa na uongo."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako. Leo sihitaji sababu, ningepanda tu."

Akanywa chai yake yote, akaosha kikombe, akasema twende.

Waliruka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kukaa ndani ni afadhali mara mia. Ndani nilikuwa na namba za kusoma. Nje nilikuwa na mikono tu, na sikujua niiweke wapi. Daktari wa Meno aliniletea kiti, nikamwambia sikai. Ndege ikaenda machimboni ikawa nukta, nukta ikapotea. Najua hesabu yote. Mimi ndiye niliyeigundua. Hata hivyo kila kitu nilichokijua kilinitoka kichwani, akabaki mtoto mmoja ndani ya vitambaa nilivyovishona.

Ikarudi. Ikashuka. Ikafika mahali pale pale ambapo mara mbili iliacha kuwa ndege, juu kidogo ya nyasi, na nikasikia mtu anasema "usidondoke, usidondoke," kwa sauti kubwa isiyo na haya, na Daktari akanishika bega, ndipo nikajua ni mimi. Magurudumu yakagusa. Yakabaki chini. Ikakimbia, ikapungua, ikasimama katikati ya uwanja.

Kitinda aliruka nje nywele zimesimama, anapiga kelele kwamba ameiona nyumba, ameliona soko, anataka tena, tena sasa hivi. Barafu akashuka taratibu upande wa pili.

"Zamu ya mama yako," akamwambia.

Wote wawili wakanitafuta kwa macho mbele ya banda na hawakuniona. Nilikuwa chini, nimekaa kwenye nyasi. Sikumbuki kukaa. Kitinda akaja mbio. "Mama, vipi? Si tumetua vizuri?"

"Mmetua vizuri sana," nikamwambia. "Mwambie baba yako asubiri, miguu yangu bado haijarudi."